Bogenvilia ya Mama Kutoka Kilosa

Akina mama wenzangu, ukitoka Kilosa kwenda Mikumi unapita mahali paitwapo Ulaya. Ndiyo, Ulaya yetu wenyewe! Agosti 2009 nilipita hapo ndani ya basi, nimepakata kikapu chenye vijiti sita vya bogenvilia nilivyovizungushia gunia lililoloweshwa. Nilivikata kwa mama yangu, karibu na Mto Mkondoa. Abiria mwenzangu akaniuliza kama ni kuni.

Zamani nilitamani wisteria, ule mmea utambaao wenye vichala vya maua ya zambarau, niliouona kwenye kalenda. Lakini asili yake ni nchi zenye majira ya baridi, kama Uchina na Japani. Joto letu haliufai. Bogenvilia asili yake ni Amerika ya Kusini, na jua kali ndilo raha yake.

Nilichagua matawi yaliyokomaa kiasi, unene wa penseli, urefu wa shubiri, kila kijiti na vifundo vinne. Kosa nililifanya nyumbani Mikumi. Vinne nilivipanda mbele ya nyumba, nikavimwagilia asubuhi na jioni. Vikaoza vyote. Viwili nilivichomeka kimshazari katika kopo la rangi lililotobolewa chini, udongo nusu, mchanga nusu, nikaliweka kivulini nyuma ya jiko na, kusema kweli, nikalisahau. Baada ya miezi miwili hivi vikachipua. Usivivute kutazama mizizi. Ni laini mno, hukatika. Siku ya kuhamisha, pasua kopo upande pamoja na udongo wake wote.

Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulifurika. Reli ya kati ilikatika, maelfu ya watu wakakosa makao. Mama alitoka na nguo za mwilini tu. Nyumba, ua na bogenvilia vikaenda na maji.

Mwaka 2011 nilimpelekea mche mmoja katika makazi yake mapya. Aligusa majani, akauliza, "Huu ni ule mwekundu au ule wa mlangoni?" Sikujua. Tukangoja mvua ziishe, maana bogenvilia huchanua vizuri ikionja ukame. Ikatoka zambarau iliyokolea: wa mlangoni. (Hayo tunayoyaita maua ni majani yaliyovaa rangi, ua lenyewe ni lile dogo jeupe katikati.)

Sasa mama hugawa vijiti kwa jirani zake. Mmoja wao ameshaua wake kwa maji, amerudi kuomba kingine.