Pikipiki Kuukuu na Kabureta Yake

Watu wengi hapa Bariadi wakiiona pikipiki yangu huniuliza kama naiuza kwa kilo au kwa jumla. Siwalaumu. Ni pikipiki ya porini ya siku nyingi, yenye miguu mirefu na injini ya tustroki, yaani ile inayochoma oili pamoja na petroli. Wakati wilaya yetu ilipokuwa bado chini ya Mkoa wa Shinyanga, kabla ya Mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012, pikipiki za jamaa hii ndizo zilizowabeba mabwana shamba, mapadre, na sisi tuliokwenda kuwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Masika udongo wetu mweusi wa mbuga hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Ndiyo maana madigadi ya mbele ya pikipiki hizi imewekwa juu sana.

Ukoo wake umetoka katika michezo. Huko Uingereza, ambako mashindano ya Scott Trial yalianza mwaka 1914, watu hushindana kupita juu ya mawe na tope bila kutua mguu chini. Kwa miaka mingi waliotawala ni wenye pikipiki nzito za Kiingereza, mpaka mwaka 1965 Sammy Miller aliposhinda mashindano ya siku sita ya Uskochi akiwa juu ya Bultaco ya Hispania, nyepesi na ya tustroki. Wajapani hawakuchelewa, mwaka 1968 Yamaha ikatoa DT-1 kwa ajili ya mtu wa kawaida mwenye njia mbovu. Binamu za pikipiki hizo ndizo zilizotufikia sisi.

Kiangazi kilichopita yangu ilianza tabia mpya. Asubuhi iliwaka kwa kiki moja, lakini ikishapata moto, nikiachia mafuta haikushuka sailensa. Ilipiga kelele peke yake kama mbuzi aliyenaswa kwenye ua. Nguvu ikapungua. Wanangu wakafanya kikao bila kunialika, wakaamua kwamba ikifika mwisho wa msimu wa pamba haijapona, iende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Sababu yao hasa ni goti langu, ingawa walisema ni gharama.

Nikamwita kijana mmoja fundi wa bodaboda, mtoto wa jirani. Aliamkia, nikaitikia, akaiwasha na kuisikiliza kwa dakika moja.

"Mwalimu, hapa tubadilishe kabureta tu. Ninayo moja ya bodaboda."

"Kabureta ina kosa gani, kijana wangu?"

"Imezeeka."

Nikamwambia kuzeeka si ugonjwa, vinginevyo mimi ningekuwa wa kwanza kubadilishwa. Alicheka, akakaa chini. Vijana hawa si wajinga. Wamefundishwa kazi mahali ambapo kipuri kipya ni rahisi kuliko muda. Mwenye bodaboda ya mkataba anadaiwa hesabu kila wiki, hawezi kungoja fundi afikiri. Lakini kwa tustroki ya zamani kubahatisha kuna hatari. Injini ikipata hewa nyingi na petroli kidogo huwa na joto kali mno, na kwa kuwa oili inaingia na petroli hiyo hiyo, pistoni huyeyuka au hukwama. Pistoni ya pikipiki yangu haipatikani Bariadi wala Mwanza.

Tulianza na petroli. Tulifungua kifuniko cha tangi kwanza, kwa sababu tundu lake la kupumulia likiziba kwa vumbi, pikipiki huenda kilomita chache na kuzima, ukifungua inawaka tena, na mtu akalaumu kabureta bure. Lilikuwa zima. Tukamwaga kibakuli cha chini cha kabureta katika kikombe cheupe. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini kama shanga. Tulikuta shanga mbili na mchanga kidogo. Kijana alichukua waya wa breki ya baiskeli ili azibue jeti ndogo, nikamshika mkono. Tundu lile ni dogo kuliko ncha ya sindano ya kushonea, na waya hulipanua lisirudi tena. Jeti huoshwa kwa petroli na kupulizwa.

Tukafunga, tukawasha. Ugonjwa ulikuwa pale pale.

Hapo plagi ndiyo iliyotusaidia. Nilipanda, nikavuta mafuta barabarani, nikabana klachi na kuzima ghafla, tukaifungua. Ilikuwa nyeupe kama chokaa, dalili ya hewa kuzidi. Jambo hilo lilinishangaza, maana nchi yetu iko juu zaidi ya Ziwa Viktoria, ambalo lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwenye hewa nyepesi namna hii kabureta iliyopimwa pwani ingepaswa kuzidisha petroli. Basi hewa ilikuwa inaingia kwa mlango usio wake.

Nikamwagiza kijana apake povu zito la sabuni kwenye mpira unaounganisha kabureta na silinda, injini ikiwa inawaka. Upande wa chini, karibu na kibanio, povu likanyonywa ndani na sailensa ikashuka. Mpira ulikuwa na ufa usioonekana mpaka uukunje. Alitaka kuuzungushia kipande cha tyubu, lakini tyubu huvimba ikikutana na petroli. Alikwenda akarudi na mpira wa pikipiki nyingine, tukapanua matundu yake ya bolti kwa tupa.

Safari hii plagi ilitoka nyeusi na yenye majimaji. Kijana alikata tamaa, mimi nilifurahi. Fundi wa zamani, badala ya kutafuta ufa, aliinua sindano ya kabureta ili petroli ilingane na hewa ya wizi. Sasa hewa ya wizi imekwisha, na petroli imezidi. Sindano ile ina mitaro mitano ya kibanio. Tukahamisha kibanio mtaro mmoja juu, sindano ikashuka. Plagi ya tatu ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Nimekwenda nayo Nkololo na kurudi mara nne. Wanangu hawajataja tena vyuma chakavu, ila mkubwa bado hulitazama goti. Kijana alikataa fedha, akaomba zile plagi mbili mbovu. Ameomba pia plagi nzuri itakapochakaa. Zile mbili ameshazitundika kwa uzi bandani kwake, na juu ya kila moja ameandika kwa chaki: NJAA, SHIBE.