Friji Kati ya Viti: Kutoka Biharamulo Hadi Ngara

Shangazi yangu, dada yake baba, anaishi kilimani nje kidogo ya Ngara mjini, na hujichoma insulini asubuhi na jioni. Inapoadimika kule, mimi ninayeishi Biharamulo huagiza kutoka Mwanza, kisha naipeleka mwenyewe. Kwa sababu hiyo kasha lililo katikati ya viti vya mbele vya Prado yangu, ambalo siku zote lilijaa risiti za mafuta na chaja za simu, sasa ni friji.

Watu wengi hushauri sanduku la barafu, nami sikubaliani nao. Chupa ya insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Joto huidhoofisha polepole, ila kuganda huiharibu papo hapo, na ikishayeyuka inaweza kuonekana kama haikupatwa na lolote. Ndani ya sanduku la barafu hatari zote mbili zinasafiri pamoja: mwanzoni chupa inayogusana na barafu inaweza kuganda, na mwishoni barafu yenyewe imekwisha. Mgonjwa hajui. Anajichoma kipimo kilekile, sukari haishuki, na lawama inaangukia chakula alichokula.

Friji za gari ziko za namna mbili. Ile ya bei nafuu haina kompresa. Ina kibamba kidogo ambacho umeme ukipita upande mmoja hupoa na mwingine hupata moto. Hiyo hushusha joto nyuzi 15 hadi 20 tu chini ya hewa inayoizunguka, na gari lililoachwa juani Agosti linapita nyuzi 40 bila shida. Piga hesabu: soda itanyweka, insulini haiko salama. Yapo pia magari kama Land Cruiser 200 yaliyotoka kiwandani na kisanduku cha baridi kati ya viti, lakini baridi yake inatoka kwenye mfumo wa AC wa gari, kwa hiyo ukizima injini nayo inakoma. Nilinunua ya kompresa, ndogo, inayomeza chupa chache za maji na boksi la dawa.

Fundi umeme wa magari niliyempa kazi hapa Biharamulo ni kijana asiye na haraka. Alifungua kasha, akatoa sakafu yake ya plastiki, akaikalisha friji humo, kisha akakaa akiitazama kwa muda.

"Kaka, joto linalotolewa humu lazima lipate pa kwenda," aliniambia. "Tukilifunika, kompresa itazunguka mchana kutwa na baridi usiione."

Akakata matundu nyuma ya kasha, upande wa miguu ya abiria, na mengine chini karibu na gea, ili hewa iingie huku na kutokea kule. Chini ya friji aliweka vipande vya mpira vya kumeza mtikisiko. Kuhusu umeme alikataa katakata kutumia tundu la kiberiti cha sigara: plagi yake hulegea barabara ikiwa mbaya, na nyaya zake ni nyembamba, hivyo volti hupungua njiani na kompresa inashindwa kuwaka. Alivuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, akafunga fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri, ili waya ukichunika popote mbele yake fyuzi ikate kabla moto haujaanza. Waya hasi aliufunga kwenye chuma cha bodi baada ya kukwangua rangi. Mwisho akarekebisha kinga ya betri, ile inayoizima friji volti zikishuka, maana friji inayokulaza porini na gari lisilowaka haina faida kwa mgonjwa yeyote.

Niliiwasha usiku wa kuamkia safari ikiwa na chupa za maji tu. Friji ndogo iliyo tupu hupoteza baridi yote ukifunua mfuniko mara moja; maji yaliyokwisha kupoa huishikilia. Alfajiri ndipo nikatia dawa, nimeizungushia kitambaa isiguse ukuta, na kipimajoto kando yake. Kilisoma 5.

Kutoka Biharamulo hadi Lusahunga barabara ilikuwa tulivu. Lusahunga ndipo unapokutana na dunia: malori ya mafuta na ya makontena kutoka Dar es Salaam, yakielekea Kigali, Bujumbura na mashariki ya Kongo. Kutoka hapo hadi mpaka wa Rusumo ni kilomita 92, na yeyote aliyewahi kuendesha nyuma ya tangi la mafuta kwenye miinuko ile anajua kwamba kilomita hazisemi lolote kuhusu saa. Lori moja likikwama kwenye kona, kila mtu anazima injini.

Ndivyo ilivyotokea kabla sijafika Nyakahura. Jua lilikuwa limepanda, madereva wamekaa chini ya malori yao, akina mama wanapita na ndizi mbivu na mahindi ya kuchoma. Nilizima gari nikasikiliza: kompresa iliunguruma kidogo, ikanyamaza, baada ya muda ikaamka tena. Nilifunika kioo cha mbele kwa kanga na kufungua vioo vya pembeni. Tulikaa hapo muda mrefu. Kipimajoto kilipanda hadi 7, kikarudi 6. Kwa sanduku la barafu ningekuwa nimeshaanza kutafuta duka lenye friji.

Nyakahura kuna njia inayokata kupitia Rulenge hadi Murugarama. Nilibaki kwenye lami, kwa kuwa vumbi la kiangazi lingeziba matundu ya hewa ya friji, nikapitia Benaco.

Sipiti Benaco bila kupunguza mwendo. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa takwimu za UNHCR, karibu watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 hivi, na vilima hivi vikageuka mji wa mahema ya plastiki. Watoto walichanjwa surua humo. Chanjo hiyo nayo haivumilii joto, kwa hiyo kuna watu waliohakikisha baridi inafika hadi hapa, sanduku kwa sanduku, wakati kila kitu kingine kilikuwa kimevurugika. Na Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kisa cha ugonjwa wa Marburg wilayani kwetu Biharamulo, tangazo hilo lilitokana na sampuli zilizosafirishwa kupimwa maabara. Sampuli za namna hiyo nazo hutunzwa kwenye baridi njia nzima. Tunawasifu madaktari, na wanastahili. Madereva wanaobeba baridi hiyo wanastahili kutajwa nao.

Benaco unaacha njia ya Rusumo mkono wa kulia na kupandisha kuelekea Ngara. Hewa inabadilika, migomba inaanza kusogea hadi ukingoni mwa barabara, na kompresa ikawa hailii tena mara kwa mara.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umechelewa, nikajua ni malori."

Kipimajoto kilisoma 4. Tulizigawa chupa. Za akiba zilikwenda kwenye friji ya muuguzi jirani yake, mwenye betri ya sola ya kusaidia umeme unapokatika. Ile ya kutumia sasa ilibaki nyumbani, ndani ya chungu kidogo kilichowekwa kwenye chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa, kivulini. Hilo lilinitia wasiwasi zamani, halitii tena. Chupa iliyofunguliwa huvumilia takriban wiki 4 nje ya friji isipopata joto kali, na mwaka 2021 watafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo kutoka kambi ya Dagahaley, Kenya: insulini iliyokaa wiki 4 kwenye joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu yake. Ngara haifikii joto la Dagahaley. Kinachohitaji friji ni akiba ya miezi, na safari yake.

Jioni alikuja mama mmoja wa kilima cha pili na binti yake wa darasa la sita, naye hujichoma insulini. Aliuliza kama ile friji ina nafasi. Nilimfunulia mfuniko aone mwenyewe, tukapima boksi la binti kando ya lile la shangazi. Yanaingia yote mawili, nikipunguza chupa moja ya maji.