Duara la Mjomba, Geita

Siku hizi ukitoka Mwanza kwenda Geita hupandi tena kivuko cha Busisi. Tulivuka ziwa kwa daraja jipya la kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Mwanangu, aliyezaliwa Birmingham, bado alikuwa anauliza nani aliyapandanisha yale mawe makubwa ya Mwanza. Nikamwambia hakuna aliyeyapanga. Ni granaiti, sehemu ya kiini cha bara chenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Bonde la Ufa lilipofika huku lilishindwa kukipasua kiini hicho, likagawanyika mikono miwili, mashariki na magharibi.

Katikati ya granaiti imepita mikanda ya miamba ya kijani, na humo ndimo ilimo dhahabu ya Geita. Ndimo lilimo pia duara la mjomba wangu.

Ndugu msomaji, duara lile nililijua kwa risiti tu. Miaka miwili nimetuma pesa za matimba, pampu na chakula cha vijana.

"Futi 120, mpwa wangu, na hatujaona kitu."

"Nani aliwaonyesha pa kuchimba?"

"Jirani alipata."

Wataalamu huanza kwingine. Ndege huruka chini ikipima usumaku wa miamba. Wengine hufukia vipima umeme ardhini, kwa kuwa radi za mbali na dhoruba za jua hutembeza umeme hafifu chini yetu, na mawimbi yake ya polepole hushuka makumi ya kilomita. Mwaka 1994 na 1995 mitambo ya kupima matetemeko ilitegwa Tanzania, ikaonyesha kwamba mizizi ya kiini hiki hufika kina cha kilomita 200 hivi. Vipimo hivi havionyeshi dhahabu yenyewe. Huonyesha nyufa za kale ambamo maji ya moto yalipandisha madini, na mahali pasipo na nyufa. Kuchoronga bado ni lazima.

Serikali imelenga kupima hivyo nusu ya nchi ifikapo 2030, kutoka asilimia 16.

Mjomba aliomba pesa za futi 30 zaidi.

"Za kuchimba sina, mjomba. Za ramani ninazo."

Alinyamaza. Vijana wake 6 walikuwa wakisikiliza. Wao hulipwa kwa mgawo, na pasipo dhahabu hakuna mgawo. Mimi nimepoteza akiba, wao wamepoteza miaka miwili.

Asubuhi yake tulikwenda sote kuulizia ramani.