Sikuja, kelmidim, ma la bu

Wenzangu darasani wakisikia kwamba najifunza Kiburma na Kiuighuri kwa pamoja, huniuliza swali lile lile: ipi ngumu zaidi? Zamani nilikuwa na jibu la haraka: Kiuighuri rahisi, Kiburma balaa. Siku hizi sijibu haraka hivyo. Humpa anayeuliza sentensi moja ya Kiswahili, "sikuja", nikamwonyesha inavyokuwa huko.

Kiuighuri ni ndugu wa Kituruki, na husemwa na watu wapatao milioni 10, wengi wao katika mkoa wa Xinjiang, China. Kwa lugha hiyo, "sikuja" ni kelmidim. Ikate vipande: kel ni kuja, mi inakanusha, di ni wakati uliopita, m ni mimi. Yote hayo yamo katika "sikuja" yetu, ila sisi viambishi tunavitanguliza na wao wanavifuatisha. Nilifurahi kama mtu aliyekuta jamaa yake ugenini.

Kisha yakaja maneno. Mwalimu ni muellim, swali ni soal, jawabu ni jawab, dunia ni dunya, duka ni dukan, na chai ni chay. Kiarabu kilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa majahazi, na kikafika kwa Wauighuri kwa njia ya nchi kavu, mara nyingi kikipitia Kiajemi. Lakini usijiamini mno. Mektep si maktaba, ni shule. Rehmet ni neno la kushukuru, kwa hiyo mwenye duka akikuambia rehmet hakuombei rehema. Na viambishi vyao hufuata irabu za neno: vitabu ni kitablar, lakini masomo ni dersler. Mwandiko wao ni wa herufi za Kiarabu, ila wao huandika kila irabu, jambo ambalo msomaji mgeni hulishukuru sana.

Kinachonitia uchungu ni kingine. Katika miaka ya karibuni Kichina kimechukua nafasi ya Kiuighuri katika shule za Xinjiang. Neno muellim mimi nililielewa bila kufundishwa, na huko wako watoto ambao muellim wao hawafundishi kwa lugha yao.

Sasa Kiburma, lugha ya Myanmar. "Sikuja" ni ma la bu. Kuja ni la. Ma inatangulia na bu inafuata, nazo pamoja zinakanusha. Nani hakuja? Lini? Sentensi haisemi. Inaweza kuwa sikuja, haji, hatuji. Mazungumzo yenyewe ndiyo yatakayokuambia. Sisi tuliolelewa na viambishi hubaki tukipapasa gizani.

Ukitaka kumtaja huyo asiyekuja, utakutana na shida nyingine. Mwanamume akisema "mimi" kwa adabu husema kyanaw, mwanamke husema kyanma. Mimi nilijifunzia kwenye sauti za mwanamke zilizorekodiwa, basi mara ya kwanza kuzungumza kwa simu na Mburma nilijitambulisha kama binti, na sauti hii nzito. Alicheka mpaka simu ikakatika.

Adabu hiyo iko hata kwenye majina. Babu yangu alikuwa akimtaja U Thant, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu 1961, wakati askari wa Umoja huo walipokuwa nchini mwetu Kongo. Babu alidhani U ni jina lake la kwanza. Kumbe jina ni Thant tu. U ni heshima, kama vile sisi tunavyosema Mzee.

Lakini kinachowakimbiza watu kutoka Kiburma ni toni. Sa iliyokatwa kooni ni kuanza. Sa ya chini, iliyotulia, ni barua au maandishi. Sa ya juu, iliyovutwa, ni kula. Hapo sina budi kusimulia jambo la darasani. Nilizaliwa Kinshasa, na Kilingala cha nyumbani kina toni: moto ikisemwa chini yote ni mtu, ikipanda mwishoni ni kichwa. Nilipoanza Kiswahili, kisicho na toni, niliingia nazo. Mwalimu mmoja aliniambia mbele ya wote, "Kiswahili hakiimbwi, ndugu." Darasa likacheka. Kwa miaka mitatu nilijitahidi kuisawazisha sauti yangu, nikawa naona haya hata nikipigiwa simu kutoka nyumbani mbele ya wenzangu.

Likizo iliyopita nilikaa sebuleni nikirudia sa, sa, sa, nikikosea. Mama alikuwa jikoni akisonga fufu. Akazirudia zote tatu, kila moja mahali pake, bila kuacha mwiko. Nikamwomba azirudie. Akazirudia vilevile, akauliza ugumu uko wapi. Mama hajawahi kusikia habari za Myanmar. Nikaketi kwenye kigoda karibu naye, yeye akawa anasema na mimi nafuata, mpaka sikio langu likaanza kukumbuka kazi niliyolikataza.

Mwisho akauliza maana. Nikamwambia: kuanza, barua, kula.

"Basi shika hiyo ya tatu, mwanangu," akasema. "Fufu inapoa."