Makoti ya Baridi Katika Joto la Magongo

Joto la Magongo, hapa Mombasa, mwezi wa Desemba halisubiri jua lipande. Saa moja asubuhi mabati ya vibanda yameshaanza kulia, na kaskazi inaingia na vumbi la barabara, moshi wa dizeli na harufu ya mihogo inayokaangwa. Malori yamepanga foleni kuelekea bandarini, kila moja na kontena lake la futi 40 mgongoni. Madereva wameshuka, wanakunywa sturungi huku wameegemea magurudumu yanayowafika kiunoni. Ndege inashuka kwenda uwanja wa Moi, chini kabisa, hata miguu yake waiona. Hakuna anayeinua kichwa. Asubuhi hiyo, katika joto hilo, mimi, mama watoto na watoto wetu wawili tulitoka nyumbani kwenda kutafuta makoti ya baridi.

Wazo lilitoka kwa binti yetu wa miaka kumi na mmoja. Jioni moja alinijia na kitabu cha shule, kidole kikiwa juu ya neno theluji, akaniuliza: "Baba, hii ni barafu ya ladha gani?" Sikumcheka. Mtoto wa Magongo anaijua barafu ya ukwaju na barafu ya ubuyu, inayouzwa dirishani kwa jirani. Barafu isiyo na ladha, inayoshuka yenyewe kutoka juu na isiyouzwa na mtu, ni kitu cha kuonyeshwa.

Basi tukapanga. Baada ya Krismasi, shule zikiwa zimefungwa, tutapanda treni ya SGR hapo Miritini, tulale Nairobi, kesho yake tuchukue matatu hadi Nanyuki na tulale tena, ili miili ya watoto ipate kuzoea hewa ya juu. Siku ya tatu tutaingia msitu wa Mlima Kenya kwa miguu kupitia lango la Sirimon, tukiwa na kiongozi wa kule, maana msitu una nyati na tembo. Kileleni hatuendi. Batian ina mita 5,199 na ni ya watu wenye kamba na mazoezi ya miaka. Hata Lenana, mita 4,985, si safari ya kijana wetu wa miaka minane. Sisi twautaka msitu wenyewe na baridi yake. Mawingu yakitupa nafasi, tutaiona theluji kwa mbali kutoka mahali miti inapoanza kwisha.

Vibanda vya mitumba viko hatua chache kutoka steji ya Magongo Mwisho. Ni boriti za mikoko zilizofungwa kamba, turubai juu yake, na nguo zimetundikwa safu juu ya safu mpaka mwanga ukifika ndani umeshachukua rangi za nguo. Robota jipya lilikuwa chini, kilo 45, limebanwa likawa gumu kama jiwe la matumbawe. Kijana alikata mikanda kwa kisu. Robota lilishusha pumzi, kisha likaumuka polepole kama unga wa mahamri. Ndipo ikaja ile harufu: dawa, vumbi la safari ndefu ya baharini, na chini yake kabisa sabuni ya nyumba ya watu wengine. Wanunuzi walilizunguka hata kabla halijatulia. Nguo safi za kwanza, zile ziitwazo kamera, huondoka kwa dakika chache. Jioni hubaki fagia, za kufutia grisi.

Makoti hayagombewi. Yalikuwa nyuma, ndani ya gunia lililokaa siku nyingi bila kufunguliwa. Muuzaji, mama wa makamo aliyejifunga leso kiunoni, aliwatazama watoto kisha akatutazama sisi.

"Dada, makoti haya mwayapeleka wapi? Mwasafiri ng'ambo?"

Mama watoto akamwambia twaenda Mlima Kenya.

"Na hawa?"

"Na hawa."

Alinyamaza kidogo. Halafu akaliburura gunia mpaka miguuni mwetu, akaanza kutuchagulia mwenyewe, akipapasa kila koti kwa vidole viwili kama mtu anayepima unga kama umekandika.

Wateja wake wa makoti, alitueleza, ni watu wa aina tatu. Kuna vijana wa bodaboda, ambao huvaa koti kinyume, zipu mgongoni, ili upepo wa usiku usiwapige kifua. Kuna wanaofanya kazi kwenye vyumba vya barafu vya samaki. Na kuna madereva wa masafa, wanaopeleka mizigo Malaba na kuvuka Uganda, watu wanaoijua baridi ya usiku wa Mau Summit. Nilitazama barabarani. Karibu kila lori lilikuwa na kitu kizito kimekunjwa nyuma ya kiti. Miaka yote niliyoishi hapa sikuwahi kuliona hilo: baridi hupita Magongo kila siku, mbele ya macho yetu, ikienda bara.

Koti la binti lilitoka chini kabisa ya gunia. Rangi yake bluu ya bahari wakati wa magharibi, jepesi kama mto wa usufi, limeshonwa vifundo vifundo, na kila kifundo kimejaa manyoya laini ya bata. La Korea, alisema muuzaji. Yeye huyatambua kwa zipu kabla hajasoma lebo. Nililigeuza. Ndani ya ukosi palikuwa na kitambaa cheupe, upana wa kidole, na juu yake herufi tatu za Kikorea zimeandikwa kwa mkono, wino umefifia kwa kufuliwa. Duara moja, vijiti viwili vitatu, kisanduku kidogo. Nadhani ni jina. Nadhani pia kuwa aliyeandika ni mama, ili koti lisipotee shuleni, kama mama watoto anavyoandika majina ya wetu kwenye sweta kila mwanzo wa muhula. Muuzaji alishika mkasi akate kile kitambaa, koti liwe letu sawasawa. Nilimwomba akiache.

Nimelifikiria sana koti lile tangu siku hiyo. Korea Kusini, mwezi wa Januari upepo huja kutoka Siberia na Seoul hulala chini ya sifuri usiku baada ya usiku. Watu huko hawajifungii ndani. Huchukua watoto wao wakaenda kutembea kwenye misitu ya misonobari iliyofunikwa theluji, na chini ya viatu hufunga minyororo midogo yenye meno ya chuma wasiteleze. Huenda mwenye koti alipita humo ameshikwa mkono. Lakini mlima mrefu kuliko yote Korea Kusini, Hallasan, una mita 1,947. Lango letu la Sirimon, mahali pa kuanzia tu, liko karibu mita 2,650. Koti hili litakuwa juu ya kilele chochote cha kwao, na hapo langoni halitakuta theluji hata punje, maana tuko kwenye Ikweta. Kwetu baridi haiji kwa mwezi. Huja kwa kupanda: kila mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 na ushei. Mtu akitoka Magongo kwenye nyuzi 31 aweza kufika kwenye barafu bila kuonyesha pasipoti.

Nilimwonyesha binti picha moja kwenye simu. Ni ya Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, ambaye mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi huko Pyeongchang, akishuka kwa skii kwenye theluji ya Korea hiyo hiyo.

"Kilifi?" aliuliza. "Kilifi ya hapa?"

Ya hapa.

Baada ya makoti tulitafuta kofia za sufu na glavu, kisha tukasimama kwenye kivuli cha mwarobaini, kijana wetu akila viazi karai vyenye ukwaju na pilipili mpaka machozi yakamtoka. Barabara ya mbele yetu huenda kuungana na ile ipandayo Mikindani na Miritini hadi Mazeras. Ukifika Mazeras ukakata kulia unafika Rabai, na Rabai ndiko alikotoka mmisionari wa Kijerumani Johannes Rebmann mwaka 1848, akienda kwa miguu hadi nchi ya Wachaga. Tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe juu ya Kilimanjaro. Akamuuliza kiongozi wake kile ni nini, naye akamjibu kwa neno moja, ambalo Rebmann aliliandika alivyolisikia: "beredi". Baridi. Habari ilipofika London wajuzi wa jiografia waliikataa. Theluji kwenye Ikweta, walisema, haiwezekani. Mimi humfikiria zaidi yule kiongozi. Hakuulizwa na London. Aliulizwa njiani, jua likiwa kali, juu ya kitu asichokuwa na jina lake, akataja kile ambacho mwili wake ungekitambua.

Msitu wa Sirimon niliwahi kuupita nilipokuwa kijana, na ndiyo maana nathubutu kuwapeleka watoto. Upande ule wa mlima ni mkavu kuliko pande nyingine, hauna ukanda wa mianzi. Kuna mitarakwa mirefu, gome lake limechanika nyuzi nyuzi kama makuti makuukuu, na mizeituni ya mwitu yenye ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye kila tawi. Njia ni pana. Kinyesi cha nyati katikati ya njia kilikuwa kikitoa mvuke. Mbega waliruka juu yetu, weusi kwa weupe, mikia yao mirefu ikifuata nyuma kama leso iliyoachiwa upepo. Kisha ukimya, na harufu ambayo Pwani hatuna: kuni mbichi, majani yaliyooza kwenye baridi bila kuchacha. Alfajiri, beseni la maji lililoachwa nje lilikuwa limeota kioo juu. Nilikigusa kwa kidole kikapasuka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilitazama kushoto na kulia nimwonyeshe mtu. Hapakuwa na mtu.

Tuliporudi nyumbani mama yangu alikuwa barazani, ungo mapajani, anapembua mchele. Tulimwekea makoti mbele yake moja baada ya jingine. Aliyapapasa kimya.

"Na huko mwendako, mwanangu, mwaenda kutafuta nini?"

"Baridi, mama."

"Baridi naijua," akasema. Akaeleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Zamani, kabla sijazaliwa, alikwenda Nairobi kumwuguza dada yake, mwezi wa Julai, na kwenye sanduku alibeba chupa ya mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe. Asubuhi ya kwanza aliinua chupa ajipake, mafuta hayatoki. Yalikuwa meupe, magumu, yameshika chupa kama nta. Alidhani yameharibika. Aliketi kitandani akalia, kwa sababu ya dada mgonjwa na kwa sababu ya mafuta. Mwenyeji wake ndiye aliyeiweka ile chupa juani, dirishani, na kufika saa tano yakawa maji tena.

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Magongo, mwezi wa Desemba, hayapati nafasi hiyo.

Aliingia ndani, akakaa muda. Alitoka na vitu vitatu: leso yake nzito, tangawizi kavu aliyoitwanga ikafungwa kwenye kitambaa, na kichupa kidogo cha dawa ya kifua, kimeoshwa, kimejazwa mafuta ya nazi. Leso alimpa mama watoto. Tangawizi alinipa mimi. Kichupa alimtia binti mkononi akamfumba vidole juu yake.

"Kitie kwenye mkoba wako, si kwa baba yako. Kila asubuhi uyatazame. Yakiwa meupe, basi mumeshafika."

Binti alikwenda mlangoni kwenye mwanga. Alikiinamisha kichupa upande huu, akakiinamisha upande wa pili. Mafuta yalikwenda na kurudi, maangavu, hayana hata wingu. Koti alikuwa bado hajalivua, na jasho lilikuwa limemfika kidevuni.