Aliyeuliza Kama Mwezini Kuna Maji

Mjukuu wangu, juzi nilikusikia ukicheka na wenzako kwamba babu zenu waliambiwa binadamu ametua mwezini wakakataa kuamini. Ni kweli, wengi walikataa, nami nilikuwepo. Lakini hukuambiwa walikataaje. Watu wale hawakusema “uongo” wakainuka wakaenda zao. Walikaa, wakauliza, wakapima majibu, wakauliza tena. Nimeishi na maswali yao zaidi ya miaka 50, na kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyozidi kuyaheshimu. Sogea nikusimulie.

Ilikuwa Julai 1969. Nilikuwa darasa la mwisho la shule ya msingi, nikiishi kwa mjomba wangu Singida mjini. Mjomba alikuwa na hoteli ndogo ya chai karibu na stendi ya mabasi, chumba kimoja cha matofali ya udongo na paa la bati lililopigwa mawe juu lisichukuliwe na upepo. Julai kwetu ni kipupwe. Uwele na mtama vimekwisha kupurwa, na upepo unavuma kutwa nzima, unapita juu ya Ziwa Singidani na katikati ya yale majabali yaliyopandana, unaingia mjini na vumbi lake na harufu ya magadi. Ndani ya hoteli harufu ilikuwa nyingine: moshi wa mkaa, tangawizi, mafuta ya maandazi, na makoti ya abiria waliokesha njiani kutoka Manyoni. Andazi lilikuwa senti tano. Chai ya maziwa ilikuwa senti ishirini, ile sarafu yenye picha ya mbuni. Jogoo mkubwa aliuzwa shilingi tatu, na ukijua kupatana ulimchukua kwa mbili na sumuni.

Kilichowaleta watu kwa mjomba, zaidi ya chai, ilikuwa redio. Ilikaa juu ya rafu nyuma ya meza yake, imefunikwa kitambaa kilichodariziwa na mkewe, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Betri zilikuwa ghali, kwa hiyo zilipoanza kuchoka mjomba alinituma nizianike juani juu ya bati, na jioni zilikuwa zimepata nguvu ya kutosha taarifa ya habari. Mwaka ule redio ilikuwa imetuletea misiba. Mwezi wa Februari ilitangaza kwamba Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO ya Msumbiji, ameuawa kwa bomu Dar es Salaam. Julai 5 ikatangaza kwamba Tom Mboya, waziri wa Kenya, amepigwa risasi Nairobi, na watu wazima walilia mbele yetu sisi watoto. Basi Radio Tanzania iliposema, tarehe 16, kwamba Wamarekani watatu wamerushwa kutoka Florida kwenda mwezini, hakuna aliyeipuuza. Redio ile ilikuwa imekwisha kutuambia mambo mazito yakawa kweli.

Jumapili ya tarehe 20 mjomba hakufunga hoteli. Mwalimu wetu wa jiografia alikuja na koti lake la sufu, akaomba ruhusa ya kutafuta Sauti ya Amerika kwa Kiingereza kwenye masafa mafupi. Mjomba alimpa nafasi mezani, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Redio ilikoroma, ikapiga miluzi, sauti zikaja na kupotea. Mwalimu aliinamisha sikio mpaka likagusa kile kitambaa, na kila alipopata neno alituinulia kidole tunyamaze, kisha akatuambia kwa Kiswahili. Chombo kidogo kimeachana na kile kikubwa. Wamo wawili, Armstrong na Aldrin. Wa tatu, Collins, amebaki juu anazunguka. Saa 5 na dakika 17 za usiku kwa saa zetu, akasimama akasema: “Wametua.” Wengine walipiga makofi, wengine wakamtazama tu. Sisi vijana tulikimbia nje. Mwezi ulikuwa mchanga, haujafika nusu, nao ulikuwa chini kabisa upande wa magharibi, karibu kuzama nyuma ya majabali. Hatukuona lolote juu yake, lakini tuliutazama mpaka ukatua.

Hatukulala. Saa 12 kasoro dakika nne alfajiri, Jumatatu, kukiwa bado giza na jogoo wakiwika mji mzima, mwalimu akatuambia kwamba Armstrong ametia mguu kwenye udongo wa mwezi. Kulipopambazuka hoteli ilijaa hadi mlangoni, na mabishano yakaanza.

Aliyeyaongoza alikuwa mzee mmoja wa Kinyaturu kutoka upande wa Ilongero, aliyekuwa akileta kuku sokoni kwa tenga. Bado ninamwona. Alikuwa na uso mwembamba uliochakazwa na upepo, ndevu chache nyeupe, na jicho la kushoto lililoingia ukungu. Alijifunga shuka begani, na alinuka ugoro na kuku. Aliagiza chai, akaishika kwa mikono miwili bila kuinywa, akamsikiliza mwalimu mpaka mwisho. Kisha akasema: “Mwalimu, mwezi wa jana mimi niliuona. Ulikuwa mchanga, ukatua kule usiku. Hao watu wanatembea juu yake asubuhi hii, na mwezi haupo. Wanatembea juu ya mwezi upi?”

Baadhi ya vijana walicheka. Mwalimu hakucheka. Aliomba taa ya chemli na chungwa, akaliweka chungwa mezani, akaizungusha taa taratibu, akatuonyesha kwamba mwezi uliotua Singida unaweza kuwa ungali juu kwa watu wa Amerika, ambao kwao wakati huo ilikuwa bado Jumapili usiku. Mzee alilitazama chungwa kwa jicho lake zima, akataka taa irudishwe izungushwe tena. Iliporudi mara ya pili akatikisa kichwa kukubali. Ndipo akauliza lile la pili: “Kuna maji?”

“Hakuna, mzee. Hakuna maji, wala hewa.”

“Basi wamefuata nini?”

Mwalimu alianza kueleza habari za sayansi, akaeleza mashindano ya Wamarekani na Warusi, mzee akasikiliza kwa adabu. Lakini swali lilibaki palepale mezani, na naamini kila mtu mle ndani alilihisi. Kwetu Singida mtu hahami kabla ya kuuliza maji. Boma hujengwa kwa kufuata maji, ng'ombe huswagwa kwa kufuata maji, na binti haozwi mbali kabla mama yake hajajua kisima cha huko kiko wapi. Mzee yule alikuwa ameupima mwezi kwa kipimo alichokifahamu vizuri kuliko wote tuliokuwepo.

Aliyeituliza hoteli alikuwa fundi cherehani mmoja, mzaliwa wa Unguja, mtu wa maneno machache. Alisema: “Wazee wangu, mimi haya mambo nimekaa nayo jirani.” Akatusimulia kwamba kule Tunguu, Unguja, kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar, Wamarekani walikuwa na kituo chenye milingoti na mitambo, cha kusikiliza watu wao wakipita angani, na kwamba Mmarekani John Glenn alipoizunguka dunia mwaka 1962, sauti yake ilipokewa pale. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kituo kikafungwa na mitambo ikaondolewa. Maneno ya fundi yalikuwa na uzito kuliko ya redio, kwa sababu yeye tulimjua, na suruali zetu alizishona yeye. Tangu hapo wengi walianza kukubali, ingawa walibaki waliosema kuugusa mwezi kutavuruga mwandamo na mvua. Ramadhani ya mwaka ule iliandama Novemba kama ilivyopaswa, na maneno hayo yakapoa.

Wale watatu walirudi salama tarehe 24, wakaangukia Bahari ya Pasifiki na kilo 21 na ushei za mawe na udongo. Tuliposikia kwamba wamefungiwa peke yao wasije wakaambukiza watu ugonjwa wa huko, yule mzee wa kuku alifurahi sana. Akasema hapo sasa Wamarekani wamefanya la maana, maana ndivyo wanavyowekwa karantini ng'ombe waliotoka nchi isiyojulikana. Oktoba wakaizunguka dunia wakisalimia mataifa, wakateremka mpaka Kinshasa. Kwetu hawakufika. Kwetu ilikuwa miaka ya Azimio la Arusha, na Mwalimu Nyerere anakumbukwa kwa kusema kwamba wakati wengine wanajaribu kufika mwezini, sisi bado tunajaribu kufika vijijini. Mwaka 1971 serikali ikatangaza mpango wa miaka 20 wa kufikisha maji safi karibu na kila kaya ya kijijini. Miaka hiyo iliisha mwaka 1991, na akina mama wa vijiji vingi vya mkoa wetu walikuwa bado wanaamka usiku kwenda kuchota.

Safari za watu kutua mwezini zilikoma Desemba 1972, baada ya watu 12 kuukanyaga. Wa mwisho hao, wa Apollo 17, walipiga picha ya dunia wakiwa njiani, nami niliiona miaka michache baadaye kwenye gazeti nikiwa chuoni. Afrika ilikuwa imeenea katikati, Bahari ya Mediterania kule juu na barafu ya Ncha ya Kusini kule chini. Nilipitisha kidole mahali ambapo sisi tupo, penye rangi ya kahawia na mawingu, na nikafurahi kwamba na sisi tumo.

Sasa sikiliza hili. Mawe waliyoyaleta yalipimwa, wataalamu wakasema mwezi ni mkavu, na kwa miaka mingi neno likawa hilo. Mwaka 2009 chombo cha India kiitwacho Chandrayaan-1 kilionyesha dalili za maji huko, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Wamarekani wakakigongesha chombo chao kwenye shimo lenye giza karibu na ncha ya kusini ya mwezi, wakakuta barafu. Leo mataifa yanayotaka kupeleka watu mwezini yanailenga ncha hiyo, kwa sababu asiye na maji hawezi kukaa huko. Mzee wa Ilongero hakuishi kuyasikia haya. Lakini swali lake ndilo wanalolifuata sasa, kwa roketi na mabilioni ya fedha.

Kwa hiyo usiwacheke waliokataa kuamini mpaka waulize. Wewe umezaliwa simu ikiwa mkononi, kila siku unaletewa makubwa mapya, na unayapokea kabla hujayatafuna. Uliza kama mzee yule: jambo hili liko wapi sasa hivi, nionyeshe tena taratibu, na lina nini cha kumfanya mtu aishi? Ukijibiwa vizuri, amini kwa moyo wote. Na ukiwa wewe ndiye mwenye elimu, ukaulizwa na mwenye tenga la kuku, mjibu kama mwalimu wangu alivyojibu, bila kucheka, hata kama itakubidi kuizungusha taa mara mbili.