Kutoka Kadi ya Nyuzi hadi Viduara vya Simu

Kabla simu hazijaingilia biashara hii, rangi ya sweta pale Thika iliamuliwa kwa kadi. Ilikuwa katoni ngumu iliyotobolewa matundu safu kwa safu, na katika kila tundu kulifungwa kishungi cha uzi chenye urefu wa kidole. Chini ya kishungi palikuwa na namba. Mama alikuwa na mashine yake ya kufuma mtaani Makongeni, akifumia shule za Thika na nyingine za ng'ambo ya Mto Chania upande wa Murang'a, na kadi aliitundika ukutani juu ya mashine ili watoto tusiifikie. Wateja waliifikia. Nevi bluu na damu ya mzee ndizo zilizochakaa upesi, maana shule nyingi zilivaa rangi hizo. Ncha za vishungi vyake zilijaa uchafu wa vidole hata rangi halisi isionekane, na hapo Mama alikuwa akiigeuza kadi na kumwonyesha mteja fundo la upande wa nyuma. "Hii ndiyo yenyewe," angesema. "Hiyo ya mbele ni jasho la watu."

Uzi haukutoka mbali. Thika ni mji wa vitambaa tangu zamani, Thika Cloth Mills wakiwa hapo hapo mjini, na Ruiru wapo Spinners & Spinners, watengenezaji wa nyuzi na blanketi. Nilipotumwa Ruiru kununua uzi nilipewa kipande cha kulinganishia na onyo moja: nisiridhike na namba ya rangi tu, niangalie na namba ya loti. Uzi wa rangi moja uliopikwa siku mbili tofauti haulingani sawasawa. Ukiuchanganya bila kujua, kifua cha sweta kitakuwa na maruni moja na mikono maruni nyingine, na mzazi ataona kabla hajafika stendi ya matatu.

Jambo jingine alilokuwa nalo Mama ni kumtoa mteja nje. Rangi haikuthibitishwa chini ya taa ya tyubu hata siku moja. Mteja alikuja na sweta kuukuu la mtoto, au hata mkono wake tu uliokatwa, wakatoka wote wawili hadi barazani na kuviweka kishungi na sweta juani. Kuna sababu ya kisayansi: vitu viwili vilivyotiwa rangi kwa dawa tofauti vyaweza kufanana kabisa chini ya taa na kuachana mara mwanga wa jua unapovipiga. Mama hakuwa na haja ya maelezo hayo. Alichojua ni kwamba mashaka yote ya rangi yalimalizikia barazani, yeye na mteja wakitazama kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Kisha wateja wakaacha kuja. Sisemi walituhama, la. M-Pesa ilianza 2007, watu wakazoea kulipa wakiwa kwao na kuomba mzigo utumwe kwa matatu. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi Novemba 2012, matatu zikawa zinashuka Ruiru na Nairobi haraka kuliko tulivyowahi kuota, na kifurushi cha sweta kumi kikawa kinafika kabla ya chai ya saa nne. Kilichobaki nyuma ni baraza. Mzazi wa Ruiru sasa alituma picha aliyoipiga saa mbili usiku, chini ya balbu ya manjano, sweta likiwa juu ya kochi jekundu, na ujumbe: "Auntie, nataka kama hii." Kama ipi? Kwenye picha ile kijani cha chupa kilikuwa cheusi, na kijivu kilikuwa na uwekundu wa kochi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mashaka ya rangi hayaondoki, yanahama tu. Zamani aliyabeba muuzaji, palepale, kabla pesa hazijalipwa. Biashara ya mtandaoni iliyahamishia kwa mnunuzi, tena baada ya kulipa.

Mwaka 2020 ukayaleta yote mara moja. Aprili serikali ilipozuia watu kuingia na kutoka eneo la Nairobi na viunga vyake kwa sababu ya korona, mpaka wa upande wetu uliwekwa kwenye daraja la Mto Chania. Wateja wa Murang'a wakawa wanatuona kwa macho lakini hawavuki. Zuio liliondolewa Julai, ila shule nyingi hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2021, na watoto walikuwa wamerefuka miezi yote hiyo. Maagizo yalimiminika. Katalogi ya WhatsApp tuliyokuwa tukiitumia haikutosha, kwa sababu tuliiweka kila rangi kama bidhaa yake, na mzazi alisogeza skrini mpaka akachoka kabla hajafika kwenye zambarau. Binamu yangu aliyesomea kompyuta chuo kikuu cha JKUAT, pale Juja, akajitolea kututengenezea duka la mtandaoni.

Toleo lake la kwanza lilipendeza mno. Sweta moja, na chini yake viduara vidogo vya rangi, mstari mmoja safi. Sweta lilipigwa picha moja tu, ya kijivu, kisha programu ikalipaka rangi nyingine zote. Mama alivaa miwani, akatazama, akauliza mishono imeenda wapi. Ni kweli: kwenye nevi bluu ya kompyuta mistari ya ufumaji ilikuwa imezama, sweta likawa kama limekatwa kwenye karatasi. Kiduara cheupe kilipotelea kwenye skrini nyeupe kwa kukosa ukingo. Nevi bluu na nyeusi, kwenye simu ya bei nafuu yenye mwanga uliopunguzwa ili chaji idumu, zilikuwa kitu kimoja.

Tulikaa na Mama tukalipanga duka upya, na nikiri kwamba karibu kila kitu tulichobadilisha kilitoka kwenye ile katoni. Jina la rangi liliandikwa chini ya kiduara, pamoja na namba ya uzi, maana wapo wasiotofautisha kijani na kahawia, wanaume hasa, na baba aliyetumwa na mkewe hana mtu wa kumuuliza. Viduara vikaongezwa ukubwa vitoshe dole gumba. Kila rangi ikapigwa picha yake kwa sweta halisi, asubuhi, barazani pasipo jua kali, likiwa juu ya karatasi nyeupe ya manila. Manila ina kazi: kamera ya simu hujirekebisha yenyewe, na ikijazwa maruni tupu huanza kuipoza rangi hiyo, ikiona cheupe pembeni hutulia. Ukigusa kiduara, picha inabadilika papo hapo, na kuna picha ya pili ya karibu inayoonyesha uzi kama vile mtu ameushika. Picha zenyewe ni nyepesi, kwa heshima ya bando la mteja.

Bado zipo shule ambazo hazikubali skrini. Kwa hizo tunakata nyuzi, tunazifunga kwenye kipande cha kadi na kuzipelekea kwa matatu. Binamu aliona aibu kidogo mwanzoni, kwamba duka la kisasa linatuma katoni. Siku hizi ameweka kitufe cha kuiagiza.

Tulichobishania muda mrefu ni rangi zilizoisha. Binamu alitaka zifichwe, mteja aone tu kinachopatikana. Mama akakataa katakata. "Asipoiona atadhani hatuifumi, na ataenda Nairobi moja kwa moja," alisema. "Mwambie imeisha, na umwambie inarudi lini." Kwa hiyo kiduara kinabaki, kimepigwa mstari wa kukata, na ukikigusa unaambiwa saizi zipi zimekwisha na zipi zimesalia, kwa sababu maruni ya 24 yaweza kuwepo na ya 32 isiwepo. Tarehe ya loti mpya anaiandika Mama mwenyewe kwenye simu yake. Binamu bado anasema ukurasa ungekuwa safi zaidi bila mistari hiyo, na Mama bado anamjibu kwamba yeye hauzi ukurasa.